Lami ya bei chee yenye "dawa" ya oili ya injini: nawapa nyota mbili na sababu ni hizi

Naandika hii kwa ajili ya wenye yadi, wenye shule, makanisa, sheli na yeyote anayetaka kumwaga lami kwenye eneo lake hapa Dar, maana nimeona watu kwenye grupu letu la Madale wanaulizia kontrakta wa lami wa bei rahisi na najua kabisa ni akina nani watatajwa. Mimi jina silitaji. Ila mkifuatwa na mtu akaanza kuwaambia habari za dawa ya kulainisha lami, someni kwanza hapa.

Kwa kifupi, kazi ya mikono wanaijua, vijana wana adabu, kufika wanafika, lakini lami yenyewe imechoka mapema mno. Nyota mbili, na zote mbili ni za vijana wa saiti, ofisi haina chake.

Yadi yangu nauza nondo, mbao, bati na saruji, kwa hiyo ndani kunaingia Canter, Fuso, mara mojamoja semi ya saruji, na bodaboda na bajaji ndio usiseme. Kabla ya hapo ilikuwa kifusi tu, kiangazi vumbi mpaka kwenye mifuko ya saruji, masika tope mteja anaacha kiatu. Nikaomba bei kwa watu wawili. Tofauti ya bei yao ilikuwa inakaribia kununua bajaji mtumba, na huyu wa bei ya chini akanielezea vizuri tu kwamba yeye anaweza kushusha kwa sababu hatumii bitumeni tupu (ile gundi nyeusi inayoshika kokoto), anachanganya na dawa inayotokana na oili ya injini iliyorudishwa kiwandani. "Bosi, lami ya kawaida inakauka inapasuka, hii yetu inabaki laini, Kanada na Marekani wote wanatumia hii kitu, ukiiweka utanikumbuka." Na kweli namkumbuka kila nikifungua geti.

Nianze na mazuri maana yapo. Besi waliishindilia sawasawa, wakamwaga praimu ya MC-30, ile lami nyepesi ya kunywesha besi, wakaiacha ikanywea na kukauka kabla ya kuendelea, hapo sina neno kabisa, huku mitaani wengi wanairuka hiyo hatua wanamwaga lami juu ya vumbi halafu baada ya miezi inabanduka kama zulia. Unene tulikubaliana milimita 40 baada ya kushindilia na nilipopima pembeni kwa rula ilikuwa hiyohiyo. Roli la kushindilia lilikuwa zima, halikuharibika katikati ya kazi, mtu wa kupanga levo alikuwa na jicho zuri, maji yanaelekea kwenye mtaro na siyo kwenye stoo yangu. Kingo wamezikata zimenyooka. Mtu akija siku ile ya kwanza angeona lami nyeusi inang'aa, laini, imelala vizuri, angewapa nyota tano na ningekuwa wa kwanza kuunga mkono.

Sasa kuhusu dawa. Walikuwa wanapika palepale saiti, mapipa ya bitumeni yanamiminwa kwenye tangi linalochomwa kwa dizeli, halafu inachanganywa na kokoto kwenye mixa. Mzigo wa kwanza wakaumwaga getini kwenye mteremko, na huo haukuwa na dawa kwa sababu pikapu iliyokuwa inaileta ilikwama kwenye foleni ya Tegeta. Hiyo foleni ndiyo imenipa ushahidi ninaoandikia leo, maana nina vipande viwili vya lami, wiki moja, mafundi walewale, kokoto zilezile za Lugoba, bitumeni ileile, kimoja na dawa kingine bila.

Dawa ilipofika nilitegemea kitu kizito kilichofungwa kiwandani na lebo. Likashuka pipa la plastiki la bluu, halina maandishi yoyote, ndani kimiminika cheusi chepesi, kinanuka gereji waziwazi. Fundi anachota kwa ndoo, anamimina kwenye tangi la moto. Ndoo ngapi? Alikuwa anaangalia mwenyewe jinsi lami inavyotiririka, ikionekana nzito anaongeza. Hakuna mizani, hakuna kidaftari. Alipomimina ile ya kwanza lami ikafura ikapanda juu ghafla ikataka kumwagika nje, vijana wakaruka pembeni, moshi mweupe ukafunika yadi nzima mpaka jirani anayekaanga chipsi akaja kuuliza kulikoni. Wao wakacheka wakasema ni kawaida.

Sio kawaida. Nilikuja kuelezwa na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye anafanya kazi kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi na ndiye aliyenifungua macho kwa mengi nitakayoyasema hapa. Bitumeni ya kuchanganyia inakuwa na joto la nyuzi 150 na zaidi. Oili chafu iliyotoka moja kwa moja kwenye injini ina maji kidogo ndani yake na mabaki ya petroli au dizeli. Maji yakikutana na joto hilo yanageuka mvuke papo hapo, ndio ule ufuro, na yale mabaki ya petroli ndio yanayoweza kushika moto ukalipuka na tangi zima. Tangi kufura vile kulikuwa kunajieleza kwenyewe kwamba hiyo dawa haijapita kiwanda chochote.

Na hapa ndipo pa kuelewa vizuri kwa sababu kontrakta anachanganya vitu viwili makusudi. Huko nje kuna kitu halisi kinachotumika. Oili iliyotumika inapelekwa kiwandani, inaondolewa maji na mafuta mepesi, halafu inachemshwa kwenye mnara wenye vakyumu ili oili safi itoke juu iuzwe tena kama oili. Kinachobaki chini ya mnara ni masalia mazito meusi, ambayo yamebeba viungo vyote vilivyokuwa vimetiwa kwenye oili: zinki na fosforasi za kuzuia vyuma kulika, kalsiamu ya kusafisha injini, molibdenamu, pamoja na vumbi la vyuma vilivyosagika. Hayo masalia ndiyo wenye viwanda vya lami wa Marekani na Kanada walianza kuyatia kwenye bitumeni, sababu kubwa ni kwamba bei yake ni rahisi na yanalainisha bitumeni ngumu ikafaa kwenye baridi. Kwa hiyo alivyosema Kanada wanatumia, hakudanganya. Alichoacha kusema ni yaliyotokea baadaye.

Maana hukohuko Kanada, jimbo la Ontario, barabara zilianza kupasuka mapema kuliko zilivyotakiwa na watu wakaanza kutafuta mchawi. Kuna profesa wa kemia anaitwa Simon Hesp, wa Chuo Kikuu cha Queen's pale Kingston, mwaka 2010 alichapisha na mwenzake utafiti wa kupima lami zilizochukuliwa barabarani kwa eksirei ya kusoma madini. Ujanja wake ni rahisi ukielezwa: bitumeni ya asili ina salfa, vanadiamu na nikeli, lakini zinki hakuna ya maana. Ukiikuta zinki kwenye bitumeni kuna uwezekano mkubwa kuna mtu amemwaga oili ya injini humo, na kwenye barabara zilizopasuka mapema walikuwa wanaikuta. Marekani nako, jimbo la Minnesota, mwaka 2006 walijenga barabara moja ya majaribio vipande vipande kwa bitumeni tofauti tofauti, na kipande chenye masalia ya oili ndicho kilichokuja kupasuka vibaya kuliko wenzake. Majimbo kadhaa ya kule yakapiga marufuku, mengine yakaweka kikomo. Wenye viwanda wao wanasema ukiweka kidogo kwa kipimo na bitumeni inayopatana nayo haina shida, na kuna vipimo vinavyowaunga mkono kwa kiasi fulani, sitaki kuwa muongo. Ila hapo tunazungumzia masalia ya kiwandani, yamepimwa, asilimia inajulikana. Sisi tulikuwa na pipa la bluu na ndoo.

Mtu atasema Kanada kuna baridi la kufa mtu, Dar kuna baridi gani? Swali zuri na mimi nililiuliza. Jibu la shem ni kwamba kwetu tatizo linakuja kwa milango miwili, mmoja wa joto na mmoja wa kuzeeka, na huu wa pili ndio unaofanana na wa kwao.

Wa joto nilikutana nao haraka. Walimwaga Januari, Februari ya Dar mnaijua. Lami jua la saa nane inaweza kufika nyuzi 60 wakati hewani ni 33 tu. Bitumeni ya 60/70 (hilo ni daraja la ulaini wake), hii inayotumika sana hapa nchini, inaanza kulegea kwenye nyuzi kama 50, kwa hiyo hata ile safi hapo inategemea kokoto zishikane zenyewe. Sasa wewe umeshaitia oili, umeishusha zaidi. Bodaboda wa kwanza alipaki akaingia ndani kunywa maji, anatoka pikipiki imelala chini, stendi imezama kwenye lami kama kisu. Tukaanza kuweka vipande vya mbao chini ya stendi. Mama mmoja aliyekuja kununua bati alikuwa amevaa kiatu cha kisigino, kikaacha mashimo kutoka kwenye gari mpaka kaunta, nimeyaacha mpaka leo. Pale Fuso zinapokata kona kuingia stoo ya saruji ndio balaa, tairi likizunguka mahali pamoja linaikunja lami inajikusanya pembeni, na kwenye njia ya magurudumu pakawa na mifereji miwili ambayo mvua ikinyesha inakuwa mabwawa. Viatu vya vijana wangu vyote vikawa na weusi chini, sakafu ya duka nayo usiseme.

Getini, kipande kisicho na dawa, hakuna hata alama ya stendi. Na usiniambie getini hakubebi mzigo, kila gari linapita hapo na kufunga breki kwenye mteremko.

Nikampigia kontrakta. Akasema ni kawaida lami changa, subiri ikomae itakuwa ngumu yenyewe. Na hapo alisema kweli tupu bila kujua, maana ilikomaa, ikakomaa kupita kiasi, huo ndio mlango wa pili.

Shem alivyonielezea ni hivi. Bitumeni sio kitu kimoja, ndani yake kuna chembe ngumu zinaitwa asfaltini na kuna sehemu ya mafuta mafuta inayozibeba zisishikane. Zikibebwa vizuri, lami inavutika ikikanyagwa na kurudi, joto likishuka usiku inajiachia taratibu bila kupasuka. Oili ya injini kwa asili ni ya parafini, haipatani na asfaltini. Ukiimwaga humo mwanzoni inaonekana imelainisha kila kitu, lakini haizibebi zile chembe, zinaanza kukusanyikana. Halafu ile sehemu nyepesi inapotea, nyingine kwa moshi siku ya kupika, nyingine inaruka polepole juani, nyingine inanywewa na kokoto na vumbi. Unabaki na bitumeni kavu isiyoweza kujiachia. Maabara za wenzetu wanaizeesha bitumeni kwenye chombo chenye presha kwa saa 20 kwa nyuzi kama 100 ili kuiga miaka ya barabarani, ndipo wanaipima, na bitumeni zenye masalia ya oili zinaanguka hapo wakati zikiwa mpya zilikuwa zinafaulu vizuri tu. Hicho kipimo cha kuzeesha ndicho kilichowaumbua.

Hapa nikakumbuka karatasi. Maana kontrakta alinipa karatasi ya maabara kabla ya kazi, ina muhuri, inasema bitumeni ni 60/70. Hizo namba ni za kipimo cha sindano: sindano yenye uzito wa gramu 100 inaachiwa kwenye bitumeni ya nyuzi 25 kwa sekunde 5, ikizama milimita 6 mpaka 7 basi hiyo ni 60/70. Nikamtumia shem picha kwa WhatsApp. Akanijibu, "Shem, hiyo karatasi ni ya bitumeni ya kwenye pipa, kabla haijatiwa hiyo dawa yao. Ya kwenye tangi nani kaipima?" Hakuna aliyeipima. Na akaongeza jambo ambalo ndilo limenitisha zaidi: hata wangeipima, mtu mjanja anaweza kuchukua bitumeni ngumu au iliyokaa juani na kuungua, akaiongezea oili mpaka sindano isome 65, karatasi ikatoka safi kabisa, na bado ukawa umeuziwa kitu kitakachokufa mapema. Sindano inakwambia ulaini wa leo tu.

Masika ikaja. Mvua za Machi mpaka Mei sitazisimulia, mnajua barabara zetu zinavyokuwa. Maji ya kwanza kutulia kwenye ile mifereji yakawa na rangi rangi juu, ile ya upinde wa mvua unayoiona chini ya gereji, yaani oili inatoka inaelea, inaenda mtaroni kwa jirani. Baada ya mvua lami ikaanza kupauka, weusi umekwenda, ikawa kijivu, na kokoto zikaanza kunyofoka moja moja. Kijana wangu akawa anafagia kila asubuhi anajaza ndoo kokoto ndogo, mwanzoni tukadhani zinatoka kwenye magari. Vuli ilivyoingia mipasuko ya viboksi viboksi ikajitokeza upande wa nyuma, na huko nyuma magari makubwa hata hayafiki, kwa hiyo hawezi kunisingizia mzigo.

Nilichomoa kipande pembeni ya stoo, ukubwa wa kiganja, nikakivunja kwa vidole. Kwa vidole! Kokoto zikatoka tupu, jiwe linaonekana rangi yake, upande mmoja tu una utandu wa lami ambao ukiukwangua kwa kucha unatoka unga mkavu. Getini nilijaribu kwa bisibisi nikaishia kupinda bisibisi. Shem anasema jiwe kutoka tupu vile maana yake maji yameingia kati ya jiwe na lami yakaitenganisha, na oili ndiyo inayorahisisha hilo kwa sababu inapunguza ule ung'ang'anizi. Ukitaka ushahidi wa bure nenda gereji yoyote yenye sakafu ya lami, Keko, Gerezani, popote, angalia pale magari yanapodondoshea oili, lami pale imelegea, imebonyea, ukiikanyaga inatoa kokoto.

Sasa nikamwita kontrakta aje aone. Kwa haki yake alikuja, wengine hawapokei hata simu. Akazunguka, akatazama, akainama pale kwenye kona ya stoo, akanyoosha kidole kwenye doa la Canter moja ambalo lilikuwa linavuja, akasema kwa kujiamini kabisa: "Bosi tatizo hilo hapo, magari yako yanavuja oili, oili inaua lami." Vijana wangu wawili walikuwepo, mmoja ikabidi atoke nje akacheke. Nikamuuliza kaka yangu, kama tone la Canter linaua lami, zile ndoo ulizomimina kwenye tangi zilikuwa zinafanya nini? Akasema ile ni tofauti, ile imesafishwa. Nikamuomba karatasi ya hiyo iliyosafishwa, imetoka kiwanda gani. Mpaka leo anaitafuta.

Warantii ya maneno ilikuwa mwaka mmoja. Alichofanya ni kuleta vijana wakaziba mashimo mawili kwa koli miksi (lami ya kuziba inayomwagwa bila kupikwa), wakashindilia kwa kompakta ya mkono, viraka vimekaa vizuri kuliko lami yenyewe. Ofisini wanasema zaidi ya hapo ni kazi mpya na bei mpya.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanalipita. Oili chafu ni taka hatarishi, kuikusanya na kuisafirisha kunataka kibali cha serikali cha mazingira, sio kitu cha kubeba kwenye pikapu na pipa lisilo na lebo. Najua sote tumezoea, tunapaka mbao isiliwe na mchwa, tunapaka mbao za kumwagia zege, tunamwaga uani vumbi lisiruke, lakini ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi, na wale vijana walikuwa wanachota mikono mitupu, mmoja kandambili. Moshi ndio huo wameuvuta siku nzima. Jirani wa chipsi alifunga siku ile na mimi ndiye niliyemlipa mauzo yake, kontrakta hakutaka kusikia.

Ili nisionekane nachukia tu, shem anasema oili ya namna hii ina sehemu yake. Wanaokwangua lami kuukuu na kuirudisha barabarani wana tatizo la bitumeni iliyokauka, na mafuta ya kuilainisha yanahitajika, watafiti wengi wamejaribu oili iliyotumika kwa kazi hiyo na kwa kipimo kidogo inasaidia kuirudishia ulaini. Lakini kule unaanza na bitumeni ngumu unaifufua, unapima kabla na baada. Kuchukua bitumeni mpya ya 60/70 ambayo tayari inatosha kwa joto la Dar, halafu kuilainisha zaidi, faida yake ni moja tu, bitumeni inanunuliwa kwa dola inashukia bandarini na oili chafu inapatikana gereji kwa bei ya soda. Kila ndoo ya oili ni ndoo ya bitumeni ambayo hakuinunua.

Kama bado bei yao inakuvutia, na naelewa hali ni ngumu, basi watumie kwa nguvukazi yao. Nunua bitumeni mwenyewe, pipa lifunguliwe mbele yako, na kwenye mkataba iandikwe kwamba hakuna kinachoongezwa bila maandishi. Sampuli ichukuliwe kwenye tangi wakati wa kazi, siyo kwenye pipa kabla ya kazi, uipeleke maabara waipime sindano, halafu waioke kwa nyuzi 163 kwa saa 5 waipime tena, hicho ni kipimo cha kawaida sio cha kuomba Ulaya. Isipobakiza karibu nusu ya usomaji wa mwanzo ujue imeanza kufa. Ukiweza kumpata mwenye mashine ya eksirei ya madini muulize zinki. Kalsiamu usiihangaikie kama lami imeshachanganywa na kokoto, kwa sababu kokoto za matumbawe za Kunduchi ni kalsiamu tupu, itakudanganya. Na pesa ya mwisho usitoe mpaka masika ipite, kontrakta atanuna, muache anune.

Wale wa bei ya juu niliowaacha wameshamwaga lami kwenye yadi ya mwenzangu mmoja Goba, nimeenda kuiangalia wiki iliyopita mchana wa jua kali, nikasimamisha pikipiki ya kijana wangu juu yake bila kibao, ikasimama. Haing'ai sana, siku ya kwanza walipoimwaga nadhani ningeona yangu ni nzuri zaidi.

Mimi getini sigusi, kipande kile kitakaa. Kona ya stoo na njia ya Fuso nimeamua kufumua na kuweka pevingi za milimita 80, maana hapo magari yanageukia mahali pamoja na sitaki tena habari za kulainika. Fundi wa pevingi anaanza Jumatatu, yule wa Tegeta kwa Ndevu anayefyatua mwenyewe, bei nitaiweka hapa akimaliza.